Picha za Kale za Familia: Namna ya Kujua ni za Nani na Zilipigwa Lini

Katika nyumba nyingi za Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Changamwe, Likoni na Kisauni, kuna sanduku, mkebe wa biskuti au albamu iliyochakaa yenye picha za zamani. Bibi wa nyumba anawajua wote waliomo. Watoto wake wanawajua nusu. Wajukuu hawamjui hata mmoja, na nyuma ya picha hakuna jina wala mwaka. Bibi huyo akiondoka, picha zinabaki lakini watu waliomo wanageuka wageni.

Hasara hiyo si ya kumbukumbu peke yake. Usajili wa lazima wa vizazi na vifo ulifika pande zote za Kenya mwaka wa 1971. Wazee wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakupata cheti, na umri wao ulikisiwa walipokwenda kuchukua kitambulisho. Wanawake nao walianza kusajiliwa kwa vitambulisho mwaka wa 1978, kwa hivyo mwanamke aliyefariki kabla ya hapo anaweza kuwa hana hata karatasi moja yenye jina lake. Kwa watu kama hao, picha moja yenye jina, mahali na mwaka huwa mwanzo mzuri wa kutafuta habari zao.

Makala haya yanaeleza hatua ambazo familia inaweza kufuata kwa kutumia penseli, daftari na simu.

Hatua ya kwanza: mzee kabla ya picha

Karatasi inaweza kusubiri mwaka mmoja zaidi, mzee asiweze. Kwa hivyo kazi ianze kwa wanaokumbuka.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Mjukuu akimwonyesha nyanya picha na kusema, "Huyu si ndiye babu Mombasa Spoti?", mara nyingi jibu litakuwa ndiyo, kwa sababu nyanya hataki kumvunja moyo. Ni afadhali kumpa picha mkononi, kunyamaza, kisha kuuliza maswali yaliyo wazi: Hawa ni akina nani? Hapa ni wapi? Kulikuwa na shughuli gani? Ni nani aliyekuwa ameshazaliwa, na nani alikuwa bado? Hilo la mwisho husaidia sana, kwani watu wengi husahau mwaka lakini hawasahau kwamba harusi ile ilikuwa kabla ya mtoto fulani kuzaliwa au baada ya mzee fulani kufariki.

Wazee wawili waulizwe mbalimbali, si pamoja. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye hushinda. Wakitoa jina moja kila mmoja kivyake, jina hilo lina nguvu. Wakitofautiana, majina yote mawili yaandikwe pamoja na jina la aliyesema.

Majina ya ukoo yanataka uangalifu wa pekee. Mzee akisema "huyu ni mama", huenda anamaanisha aliyemzaa, halati, au mke mdogo wa baba. "Ndugu" anaweza kuwa wa tumbo moja au mtoto wa ami. "Babu" anaweza kuwa kaka yake babu. Majina ya lakabu pia hupoteza watu: Bi Mkubwa wa nyumba moja si Bi Mkubwa wa nyumba ya pili, na Mama Fulani alikuwa na jina lake kabla ya kumpata Fulani. Swali la kuuliza ni rahisi: baba yake aliitwa nani, na aliolewa na nani?

Hatua ya pili: kugeuza picha

Nyuma ya picha mara nyingi kuna habari nyingi kuliko mbele. Cha kwanza kutafuta ni mhuri wa studio. Anwani iliyomo kwenye mhuri huonyesha kipindi. Mhuri ulioandikwa "B.E.A." unatokana na wakati nchi ikiitwa British East Africa, kabla ya mwaka wa 1920 ilipogeuzwa kuwa Koloni ya Kenya, huku ukanda wa pwani ukiitwa Himaya ya Kenya chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar hadi 1963. Mhuri wenye jina la Salim Road ni wa kabla ya barabara hiyo kuitwa Digo Road. Vivyo hivyo, sehemu ya Kilindini Road ndiyo leo inaitwa Moi Avenue. Hata hivyo, mwenye studio angeweza kuendelea kutumia mhuri wa zamani kwa muda, kwa hivyo mhuri hutoa kipindi tu, hautoi tarehe.

Studio zenyewe nazo zina historia. Mombasa ilikuwa na studio ya N.V. Parekh, iliyofunguliwa miaka ya 1940, ambayo picha zake za wakazi wa mji huu zimekuja kujulikana hata nje ya nchi. Familia zenye asili ya Lamu huenda zikakuta mhuri wa Bakor Studio ya Omar Said Bakor, iliyoanza miaka ya 1960. Zenye jamaa Zanzibar huenda zikakuta jina la A.C. Gomes, studio iliyokuwapo tangu karne ya 19, au Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa mwaka wa 1930. Mhuri wa mji mwingine ni habari tosha: unaonyesha kwamba mtu alisafiri, au kwamba jamaa aliyekuwa mbali alituma picha nyumbani.

Cha pili ni mwandiko. Picha nyingi za pwani zimeandikwa nyuma kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Kijana asiyeweza kuzisoma ampelekee mwalimu wa madrasa au mzee anayezisoma, asiyapuuze maandishi hayo kwa kudhani ni dua tu. Huenda ni "ukumbusho kwa ndugu yangu", pamoja na jina na mwaka.

Mwaka huo unaweza kuwa wa Hijria. Ili kupata mwaka wa Miladi kwa makadirio, mwaka wa Hijria huzidishwa kwa 0.97, kisha huongezwa 622. Kwa mfano, 1350 mara 0.97 ni takriban 1309. Ukiongeza 622 unapata 1931, na kweli mwaka 1350 ulianza mwezi wa Mei 1931. Familia za Kihindu zinaweza kukuta mwaka wa Vikram Samvat, ambao hupunguzwa 56 au 57: Samvat 2004 ni 1947 hadi 1948. Mwenye picha akikuta namba kubwa kuliko mwaka huu, au ndogo kama 1340 na kitu, asiseme imekosewa.

Cha tatu ni maneno "Post Card" yaliyochapishwa nyuma. Studio zilizoea kuchapisha picha za watu juu ya kadi za posta. Kadi ya Kiingereza yenye mstari wa katikati, upande mmoja wa barua na mwingine wa anwani, si ya kabla ya 1902.

Hatua ya tatu: karatasi yenyewe

Picha ngumu iliyogundishwa juu ya kadi nene, yenye jina la studio chini kwa herufi za mapambo, kwa kawaida ni ya mwisho wa karne ya 19 au mwanzo wa karne ya 20. Picha ndogo nyeusi na nyeupe yenye ukingo mweupe uliokatwa kama meno ya msumeno huwa ya kati ya miaka ya 1930 na 1960. Picha ya mraba kabisa, hasa ya rangi, mara nyingi ni ya baada ya 1963, wakati kamera za bei nafuu za Kodak Instamatic zilipoingia sokoni. Karatasi laini yenye utando wa plastiki, isiyonyonya maji, ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960. Picha ya papo kwa papo yenye fremu nyeupe iliyo pana zaidi upande wa chini ni ya Polaroid, na aina hiyo ilitoka mwaka wa 1972.

Rangi pia hupotosha. Studio nyingi zilipaka rangi kwa mkono juu ya picha nyeusi na nyeupe: midomo myekundu, leso ya samawati, mashavu ya waridi. Ukiitazama karibu, rangi hiyo huvuka mipaka ya nguo. Picha ya namna hiyo inaweza kuwa ya zamani kuliko inavyodhaniwa.

Tarehe ya rangi ya chungwa iliyochapishwa kwenye kona ya picha za miaka ya 1980 na 1990 nayo haiaminiki moja kwa moja. Ilitoka kwenye saa ya kamera, na wengi hawakuirekebisha baada ya kubadilisha betri.

Onyo kubwa ni hili: umri wa karatasi si umri wa tukio. Familia nyingi zilipeleka picha ya marehemu studio ikapigwa tena na kukuzwa ili itundikwe ukutani. Picha ya babu aliyefariki mwaka wa 1948 inaweza kuwa juu ya karatasi ya 1975. Dalili za nakala ni ukungu usoni, ukingo wa picha ya zamani unaoonekana ndani ya mpya, au mikunjo na mikwaruzo isiyohisika kwa kidole.

Hatua ya nne: kusoma kilichomo

Hapa kanuni ni moja. Kila kitu kilichomo kwenye picha kinasema jambo hili: picha hii haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani. Kitu kipya kuliko vyote ndicho hushinda, kwa kuwa mtu anaweza kuvaa koti la miaka 20 iliyopita, lakini hawezi kusimama mbele ya jengo ambalo bado halijajengwa.

Mombasa ina alama nyingi za kusaidia. Pembe za ndovu za Moi Avenue zilisimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1952, kwa hivyo picha yenye pembe hizo si ya kabla ya hapo. Reli nyembamba za vigari vya kusukumwa barabarani zinaonyesha kipindi cha mwisho wa karne ya 19 hadi miaka ya 1920. Daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa 1931, na daraja la sasa likafunguliwa 1980. Fort Jesus ilikuwa gereza hadi 1958 na ikafunguliwa kuwa makumbusho 1960, kwa hivyo familia iliyopiga picha ndani ya ngome wakitembea na watoto ilikwenda baada ya hapo.

Bendera ya Kenya ilipandishwa tarehe 12 Desemba 1963. Picha ya Rais iliyotundikwa dukani au ofisini nyuma ya watu ni kalenda nzuri: Mzee Jomo Kenyatta hadi Agosti 1978, Daniel arap Moi hadi mwisho wa Desemba 2002, Mwai Kibaki hadi Aprili 2013. Namba ya gari yenye herufi mwishoni, mfano wa KAA 001A, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980.

Nguo zinataka kusomwa kwa busara. Kanzu na kofia hazisaidii sana, kwani zimevaliwa kwa vizazi vingi bila kubadilika sana. Leso husaidia zaidi. Leso za zamani zenye maandishi zilitumia herufi za Kiarabu, na herufi za Kirumi zikaenea baadaye. Alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla inatokana na duka la Kaderdina la Biashara Street, lililoanzishwa mwaka wa 1887. Wakati mwingine leso hutaja tukio, kama vile Uhuru, na hapo mwaka hujulikana mara moja. Sketi fupi sana ni za mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea. Suruali zenye miguu mipana, viatu vya soli nene na nywele za afro ni za miaka ya 1970.

Sare za kazi zitazamwe vifungo, kofia na beji. Askari wa KAR, waliojulikana kama Keya, walipigana katika vita vya 1914 hadi 1918 na vya 1939 hadi 1945, na baada ya Uhuru jeshi hilo likabadilishwa jina. Sare za reli, bandari na polisi pia zilibadilika. Beji inayosomeka inaweza kuonyesha mwajiri, na mwajiri anaweza kuwa na kumbukumbu.

Mfano wa kufanyia mazoezi

Chukulia picha moja nyeusi na nyeupe yenye ukingo wa meno ya msumeno. Kuna baba aliyevaa kanzu na koti, mama, mvulana mkubwa na mtoto mchanga mapajani. Nyuma kuna mhuri wa studio ya Salim Road, na namba 1372 kwa penseli. Familia nzima inaamini kwamba mtoto aliye mapajani ni babu yao, aliyezaliwa mwaka wa 1940.

Ukingo unaonyesha kati ya miaka ya 1930 na 1960. Mhuri unakubaliana na hilo. Mwaka 1372 wa Hijria ulianza Septemba 1952 na kuisha Septemba 1953. Mtoto mapajani anaonekana kuwa wa mwaka mmoja, maana yake alizaliwa kati ya 1951 na 1952. Huyo hawezi kuwa babu. Babu mwaka huo alikuwa na umri wa miaka 12 au 13, na mvulana aliyesimama ana umri huohuo.

Basi mtoto mchanga ni nani? Swali hilo halikuwapo kabla ya picha kugeuzwa. Huenda ni ndugu aliyefariki utotoni na jina lake likaacha kutajwa. Huenda ni aliyehamia Tanga au Muscat, na watoto wake wako hai. Picha haiwezi kujibu, lakini sasa familia inajua cha kumwuliza mzee aliyebaki, na kipindi gani cha kutafuta katika daftari za usajili.

Swali kama hilo lina uzito pia wakati wa urithi. Ombi la kusimamia mali ya marehemu huhitaji orodha ya waliobaki nyuma yake, na barua ya chifu inayowatambua. Ndugu aliyesahaulika anaweza kujitokeza baada ya mali kugawanywa, na hapo kesi hufunguliwa upya. Ifahamike, hata hivyo, kwamba picha peke yake haithibitishi undugu mahakamani. Kazi yake ni kuelekeza familia kwenye vyeti na mashahidi wanaoweza kuuthibitisha.

Kuandika na kutunza

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila picha ipewe namba, na daftari lieleze mambo sita: waliomo kutoka kushoto kwenda kulia, majina matatu ya kila mmoja, uhusiano wake na mwenye daftari, mahali, kipindi, na nani aliyesema au dalili iliyoonyesha. Kipindi kiandikwe kwa ukweli: "kati ya 1952 na 1960" ni bora kuliko "1955" ya kubahatisha. Jina lisilo na hakika liwekewe alama ya kuuliza. Jina la makosa likiandikwa kwa wino na kutumwa kwa jamaa 50, hurudi baada ya miaka kumi kama ukweli.

Kuandika nyuma ya picha kufanywe kwa penseli laini, karibu na ukingo, bila kukandamiza. Kalamu ya wino huvuja hadi mbele. Karatasi ya plastiki haishiki penseli, kwa hivyo habari iandikwe kwenye bahasha ya picha hiyo.

Joto na unyevu wa pwani ni maadui. Picha zisiwekwe sakafuni, jikoni wala kwenye ukuta unaopigwa na mvua. Gundi, selotepu, albamu zenye kurasa za kunata na lamineti ziepukwe. Picha iliyoganda kwenye kioo isibanduliwe kwa nguvu. Ipigwe ikiwa hapohapo. Nakala ya simu ipigwe mchana karibu na dirisha, bila jua kali wala flashi, mbele na nyuma, kisha ihifadhiwe mahali pawili tofauti.

Kabla ya kutuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ruhusa iombwe. Katika familia nyingi za hapa, picha za wanawake bila buibui zilipigwa kwa ajili ya nyumbani, na wapo wasiopenda picha ya marehemu izungushwe. Heshima hiyo iendelee kuwapo.

Mahali pa kutafuta zaidi

Familia ikishapata jina na kipindi, ofisi nyingi zinaweza kusaidia. Vyeti vya kuzaliwa na kufa huombwa kwa Msajili wa Vizazi na Vifo. Ndoa za Kiislamu hutafutwa katika daftari za Kadhi, na ubatizo na ndoa za Kikristo katika daftari za makanisa. Wenye asili ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka wa 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, wana sababu ya pekee ya kuanza na kanisa. Nyaraka za Taifa, jijini Nairobi, zina faili za utawala wa kikoloni na picha, na shule za zamani huwa na daftari za wanafunzi.

Kazi yote hii haihitaji kumalizwa kwa siku moja. Picha tano kila ziara kwa mzee zinatosha, mradi daftari liwe wazi na majina yaandikwe palepale anapoyataja.